Kicheko cha Wageni

Jumapili, 1 Septemba

Karafuu za kwanza zimeanikwa leo mbele ya nyumba, na harufu imeingia mpaka ndani ya mito. Kwangu mimi hii ni harufu ya mama. Alikuwa akipakwa mafuta ya karafuu mikononi asubuhi na jioni, na sisi tukimwamkia na kumbusu mkono, midomo ilikufa ganzi kidogo. Mpaka leo nikisema shikamoo nahisi midomo inasubiri ganzi hiyo.

Nimekuja kwa msimu mmoja. Mdogo wangu Zuweina ndiye aliyebaki na nyumba hii na mikarafuu ya baba iliyosalia. Kabla ya hapo alibaki na mama. Mimi niliondoka mwaka 1971, nikiwa na miaka kumi na minane, nikamfuata mume aliyekuwa akiikimbia nchi. Tukafikia Mombasa, kisha Maskati, ambako nimesomesha watoto wa watu na kulea wangu mpaka nimezeeka. Mama alikufa mwaka 2008. Nilifika akiwa ameshazikwa.

Tikiti ya kurudi ni ya tarehe 20 Novemba. Wanangu waliona ni mbali mno. Nikawaambia nataka kumkumbuka bibi yao pale alipoishi, wakaniacha nije.

Zuweina alinipokea kizingitini kwa kicheko cha mama hasa, kile kinachoanzia tumboni. "Kumbe Maskati hamli," alisema. "Au dada umeuacha mwili uwanja wa ndege?"

Jumatatu, 2 Septemba

Chai ilichelewa sana. Zuweina anasema chai ya Pemba hupandishwa kwa miguu kutoka bandarini Mkoani. Nimecheka.

Alhamisi, 5 Septemba

Niandike habari za mama kwa mpango, maana ndilo nililolijia.

Maradhi yalimshika baada ya kumzaa Zuweina. Yalianzia kwenye viganja, yakaenda kwenye viwiko, magoti, nyayo. Wengine walisema baridi yabisi, wengine walisema jicho baya. Shangazi zetu walisema mtoto yule kaja nayo, na walisema hivyo huku mtoto mwenyewe akisikia. Baada ya miaka michache vidole vya mama vilikuwa vimelala upande kama majani yaliyopigwa na upepo. Hakuweza kukamua nguo wala kufunga kanga yake mwenyewe.

Lakini kucheka! Watu walikuja kumtazama mgonjwa wakaondoka wamejishika mbavu. Walipomuuliza vidole vinaendeleaje, alikuwa akisema, "Vyote vimeshaolewa, kila kimoja kimeelekea kwa mumewe." Daktari mmoja wa Kichina alimsokota mkono akamuuliza kwa mkalimani kama unauma, naye akajibu, "Mwambie hauumi, ila namwombea na yeye aupate." Nimewasimulia wanafunzi wangu hadithi hii mara nyingi, na kila mara nimemaliza kwa kusema: mama yangu hakuyapa maradhi nafasi.

Zuweina ananiletea chakula chumbani nikiwa naandika. Namwambia naweza kuja jikoni. Anasema jikoni hapana kiti cha mwalimu.

Jumamosi, 7 Septemba

Leo nimekaa kwenye kuchambua. Wachumaji wakishuka jioni, karafuu mbichi humwagwa ukumbini na kila mchambuaji hupewa fungu lake. Unashika kishada, unakizungusha kwenye kiganja, vichwa vinaanguka huku na vikonyo huku. Anayesimamia wachumaji ni Nyange, mtu wa Kiuyu, mrefu, mwenye maneno machache. Kila mwaka huja na vijana wake huku kwenye mikarafuu, kisha hurudi kwao kulima.

Zuweina alikaa mbele ya fungu lake akaongea kuliko wote. Alimwiga mkaguzi anayekunja uso kunusa karafuu, Nyange mwenyewe akacheka mpaka akavua kofia. Nilikuwa nikimtazama nikasema moyoni, mama huyu hapa. Ndivyo mama alivyokuwa akikaa, mgongo ukutani, fungu mbele, Zuweina mdogo amepakatwa mapajani. Mtoto wa miaka saba, minane, bado anapakatwa! Tulimwita Kideko. Mimi nilikuwa na umri wa kupewa fungu kubwa, na nilimwonea wivu.

Nimechambua kidogo tu leo, kucha zikauma.

Jumatano, 11 Septemba

Joto. Upepo hakuna. Karafuu zinakauka vizuri.

Jumatatu, 16 Septemba

Maulidi. Tangu wiki iliyopita nilikuwa nikimwambia Zuweina kwamba tangu mama ashindwe kusonga sijala bokoboko la nyumba hii. Jana alilipika. Ngano na nyama vilikuwa motoni tangu asubuhi, na kusonga kulianza baada ya alasiri. Nilisikia mwiko ukigonga sufuria. Nilitaka kwenda kusaidia, akanizuia mlangoni kwa mwili wake wote, akisema bokoboko likionwa na mtu wa Maskati linaona haya, haliivi.

Lilikuwa lile lile. Nilikula nikalia, na Zuweina akafurahi kuona nalia. Watu waliokuja kusoma Maulidi wakalisifu, nami nikawasimulia habari za mama na daktari wa Kichina.

Jumanne, 17 Septemba

Zuweina hakuamka mpaka adhuhuri. Anasema masharifu wa Maulidi wamemchosha kwa kula.

Jumamosi, 21 Septemba

Nimeomba chapati. Amenifanyia. Nimeomba na samaki wa nazi kama yule wa mama, nazi ikunwe nyumbani, si ya pakiti. Amenifanyia.

Kikombe kimemponyoka mkononi kikavunjika. "Hiki kilikuwa kinataka kuondoka siku nyingi," alisema, na kukisukuma pembeni kwa mguu. Vipande nimeviokota mimi.

Ijumaa, 27 Septemba

Manyunyu asubuhi. Nyange anasema vuli mwaka huu haitangoja. Amewahimiza vijana wapande mikarafuu ya bondeni kwanza.

Nimezungumza na Kauthar kwa simu, binti pekee wa Zuweina, aliyeko Unguja. Amepata kazi ya kudumu mwaka huu, ya kwanza. Aliniuliza mama yake hajambo? Nikamwambia hajambo kabisa, anatuchekesha sote. Akaniuliza tena, kweli? Kisha akasema alhamdulillahi.

Alhamisi, 3 Oktoba

Leo nimekwenda kumwamkia Bi Kazija, jirani yetu, aliyekuwa shoga wa mama. Ana miaka themanini na kitu, macho yamepungua, masikio mazima. Nilimsimulia nilivyokuwa nikimkumbuka mama na furaha yake. Nilimpa ile ya vidole vilivyoolewa.

Hakucheka. Aliniuliza Zuweina mikono yake vipi.

Nikamwambia mikono ipi? Akasema, "Weye umo ndani ya nyumba unaniuliza miye kipofu?"

Kisha akasema jambo ambalo nimelibeba njia nzima. Alisema mama alikuwa mcheshi, kweli, na hapakuwa na unafiki ndani yake. Lakini kicheko kilikuwa cha wageni. Mgeni katoka mbali, huwezi kumpa maumivu akarudi nayo. Waliolala na kuamka nyumba ile hawakuchekewa kila siku.

Nilimuuliza kama na mimi nilikuwa mgeni. Alinipapasa mkono. "Ulikuja mara tatu, mwanangu," alisema. "Ulikuwa mgeni mwema, wallahi."

Ijumaa, 4 Oktoba

Nimetazama. Chai haichelewi kwa uvivu. Zuweina huamka alfajiri kama watu wote na hukaa jikoni ameloweka mikono kwenye beseni la maji ya moto, na moto wa chai hauwashwi mpaka vidole vikubali kushika kibiriti. Nilimwona kwa upenyo wa mlango. Uso wake ulikuwa uso nisioujua.

Kikombe hukibeba kwa viganja viwili. Madirisha huyafungua kwa kiwiko. Viungo vya vidole vimevimba na kung'aa, na kidole kidogo cha kulia kimeanza kulala upande.

Nimekuwa hapa mwezi mzima. Nimekula bokoboko, chapati, nazi ya kukunwa. Nilikuja kumkumbuka mama, na kila kumbukumbu niliyoiomba ilitoka kwenye mikono hii.

Jumamosi, 5 Oktoba

Nilimuuliza waziwazi. Akanyoosha mikono mbele yangu, akaigeuzageuza kama mfanyabiashara anayeonyesha kitambaa. "Imezeeka, dada. Ulitaka ibaki bikira?"

Nikasema twende hospitali. Akasema tutakwenda msimu ukiisha. Nikasema msimu ukiisha mimi sipo. Akasema, "Basi nitakupigia simu nikuchekee."

Nilitaka kumpigia Kauthar. Nadhani aliliona jambo hilo usoni kwangu, maana alirudi kutoka jikoni na kusimama mlangoni. Safari hii hakuwa na mzaha. Alisema Kauthar akisikia ataacha kazi na kurudi, na akirudi ndiyo keshakwisha. Alisema, "Ntoto wangu hapakatwi na ntu. Umenisikia?" Sikumwelewa.

Jumanne, 8 Oktoba

Mvua asubuhi. Karafuu hazikutolewa nje.

Jumatano, 9 Oktoba

Mvua. Nyange ametandaza ukumbini na vyumbani. Tunatembea ukingoni mwa ukuta kama wezi. Nimekuna nazi mwenyewe, nimejikuna na kidole.

Jumamosi, 12 Oktoba

Nimefanya kosa, na nimelifanya mbele ya watu.

Mvua ilipumzika, uchumaji ukaendelea, na jioni mafungu yalikuwa makubwa. Zuweina alikaa mahali pake akichekesha. Nikaona vidole vyake havizungushi kishada. Vinakibonyeza tu, vinakiangusha, vinakichukua tena. Fungu lake lilikuwa vile vile wakati ya wengine yameshainuliwa. Nikasogea. Nikalivuta fungu lake upande wangu, nikasema, kwa sauti niliyodhani ya upole, "Pumzika mdogo wangu, hili nitamaliza mimi."

Mikono yote ukumbini ilisimama. Nilikuwa nimesahau, na ni jambo nililolijua kabla sijajua kusoma. Fungu la mtu haliguswi mpaka aliinue mwenyewe. Mzee huachwa na fungu lake hata akimaliza baada ya wote, na watu huondoka taratibu kama hawakuona. Kulichukua ni kumwambia mbele ya kadamnasi kwamba kazi imemshinda na leo ndiyo mwisho wake. Nimeona watu wakikosana miaka kwa jambo hilo.

Zuweina alicheka. Alicheka sana. "Mwacheni," aliwaambia watu, "huko kwao karafuu wanaiona kwenye pilau tu, anataka kushiba nazo." Watu wakacheka naye ili wamsitiri. Nyange hakucheka. Aliinuka akaenda kufunga maturubali ambayo yalikuwa yameshafungwa.

Jumapili, 13 Oktoba

Zuweina amenikaribisha chai kwa sinia, kikombe cha wageni, kitambaa cha kufutia. Ameniuliza nimelalaje. Ameniuliza kama ningependa kitu cha mchana.

Jumatano, 16 Oktoba

Vile vile. Ni mpole kwangu kupita kiasi. Ananichekesha. Kila mzaha sasa nausikia kama mlango unaofungwa taratibu ili usinishtue.

Nimekumbuka simu. Miaka ya mwisho ya mama nilikuwa nikimpigia kila Ijumaa, naye alikuwa akicheka mpaka nami nikamaliza nikiwa mwepesi. Nikawa nawaambia watu: nikihuzunika humpigia mama mgonjwa. Sikujiuliza hata siku moja ni nani aliyekuwa akimshikia simu sikioni.

Ijumaa, 18 Oktoba

Jua kali. Nyange anasema kesho na keshokutwa zikikauka zitakwenda kupimwa.

Jumanne, 22 Oktoba

Naandika nikiwa nimetulia kidogo. Nitajaribu kuyaweka kama yalivyokwenda.

Nyange na watu wake walikuwa bondeni. Nyumbani tulikuwa mimi na Zuweina tu, na majamvi yalikuwa nje yote, na karafuu zilizobakiwa na saa chache za jua. Baada ya adhuhuri upande wa kisiwa cha Fundo ukawa mweusi. Nilidhani tuna muda. Zuweina alikuwa ameshatoka mbio kabla sijavaa viatu.

Jamvi huinuliwa na watu wawili. Kila mmoja hushika pembe mbili, mnakutanisha, karafuu zinakusanyika katikati, mnabeba kama mnavyobeba mgonjwa. La kwanza tulilifikisha. Nilikuwa nikimtazama, akaniambia nitazame ninapokanyaga. La pili matone yalikuwa yameanza, makubwa, ya moja moja. Aliinama, akashika pembe moja kwa viganja viwili, ya pili hakuiweza. Alijaribu kuibana kwa kiwiko. Kisha akainama kabisa, akaiuma kwa meno.

Tukainua hivyo. Mdogo wangu, mwanamke wa miaka sitini na mbili, ameuma jamvi, macho yamemtoka, anarudi kinyumenyume chini ya mvua. Tulifika karibu na kizingiti. Pembe ikamchomoka mdomoni, jamvi likapinduka, na karafuu zote zikamwagika kwenye maji ya matope yaliyokuwa yakishuka kutoka paani.

Alikaa chini pale pale akaanza kuzikusanya kwa mikono ya mbele, kuanzia kiwikoni, kama mtu anayekumbatia. Nilimshika mabega nikamwambia ziache, mama, ziache.

"Niache weye," alisema.

Nikaendelea kumshika. Nikamwambia, pole, nilikuwa sijui.

Hapo ndipo alipogeuka. Sijapata kutazamwa hivyo.

"Hukujua," alisema. "Umekuja kumkumbuka mama. Basi nkumbuke wote. Unakumbuka alivyokuwa akisukuma sahani kwa kiwiko ikavunjika, akanisingizia miye? Alivyokuwa akiniapiza usiku nikimgeuza, kwamba nimeletwa dunia hii kumvunja mifupa? Asubuhi ikipigwa hodi tu anacheka. Watu wanasema, Bi Kulthum ana moyo, mashaallah. Miye nipo nyuma ya mlango na kinyesi cha usiku."

Mvua ilikuwa ikipiga bati nikawa simsikii kila neno. Nilipiga magoti kando yake.

Alisema, "Mliniita Kideko. Unadhani mapajani pale nilikuwa nikidekezwa? Alikuwa akinifunika kanga, anatia mikono yake juu, miye naichambua karafuu chini yake. Fungu lake nilikuwa nikilichambua miye, kila siku, na watu wanamtazama usoni kwa kuwa anachekesha. Akiona ntu anatazama chini, anaongeza mzaha. Nikichoka ananibana kwa magoti. Nilikuwa na miaka sita."

Nilikaa matopeni. Nilikumbuka wivu wangu, na nikaona jinsi ulivyokuwa mdogo na jinsi nilivyoutunza.

Baada ya muda alisema kwa sauti ya chini kwamba alimpenda mama. Alisema hilo kama mtu anayenionya nisije nikaelewa vibaya. Kisha, "Lakini Kauthar hatakaa mapajani pangu. Afadhali niume jamvi."

Sasa nimeelewa alichoniambia mlangoni siku ile.

Tuliyabakisha majamvi mengine yakalowa. Nyange alikuja akikimbia, akatukuta tumekaa, akatazama karafuu, akatutazama sisi. Alizirudisha ndani na watu wake bila kuuliza.

Jumatano, 23 Oktoba

Zuweina hakuamka kupika. Nimepika mimi uji, umeungua. Amekula nusu, akasema umeungua.

Alhamisi, 24 Oktoba

Karafuu zilizoloa zimegeuka rangi. Nyange amezitenga. Amesema hazitafaa.

Nilimwambia Zuweina kosa la karafuu ni langu. Akasema si langu, ni la mvua. Nikasema kosa la fungu ni langu. Akasema hilo ndiyo.

Jumatatu, 28 Oktoba

Amekubali twende hospitali Wete, kwa sharti Kauthar asijue mpaka mwenyewe amwambie. Nimekubali, na sina hakika kama nimefanya vyema. Nimejifunza mwaka huu kwamba hata nikinyamaza naweza kumdhuru.

Daktari ni mwanamke kijana kutoka Unguja. Aliuliza mikono inaanza kulegea saa ngapi asubuhi. Zuweina akaanza mzaha wake wa chai inayotoka Mkoani. Daktari alitabasamu, akaanza kuandika kwamba hali si mbaya sana. Nilimwona akiandika.

Nikasema, "Daktari, huyu anakuchekea kwa sababu wewe ni mgeni. Mama yetu alikuwa hivi hivi. Mwombe akufungulie vifungo vya gauni lake."

Zuweina alinigeukia kwa hasira. Kisha akapeleka mkono kwenye kifungo cha juu. Tulikaa tukingoja. Daktari aliiweka kalamu chini. Zuweina alijaribu, akajaribu kwa mkono mwingine, akaacha. Akasema, "Haviwezekani," bila mzaha wowote nyuma yake.

Amepewa cheti cha kwenda kupimwa damu Unguja. Daktari amesema kuna vidonge vinavyomezwa mara moja kwa wiki. Havitanyoosha kilichopinda. Vinaweza kuyazuia maradhi yasiendelee mbele, lakini havitaki kuchelewa, na mwanzoni lazima awepo mtu wa karibu, maana huweza kumlegeza mgonjwa, na damu ipimwe tena na tena.

Njiani alikaa kiti cha mbele, akaniacha nyuma.

Jumamosi, 2 Novemba

Unguja. Tumefikia kwa Kauthar. Zuweina alimwambia mwenyewe, sebuleni, mimi nikiwa chumbani na mlango wazi. Kauthar alilia. Alisema ataomba ruhusa arudi Pemba. Nikamsikia mama yake akisema hapana, kisha akasema hapana tena.

Nilitoka. Nilisema nitabaki mimi.

Wote wawili walinitazama kwa adabu. Ile adabu ndiyo iliyoniuma. Kauthar akasema, "Mama mkubwa, usijisumbue, una wajukuu."

Jumatano, 6 Novemba

Majibu ni kama daktari alivyodhani. Ameanza vidonge. Tumerudi nyumbani.

Wanangu wamepiga. Mkubwa amesema ninafanya hivi kwa sababu ya bibi, na bibi hayupo tena. Nimemwambia ni kweli. Sikumwambia zaidi, kwa kuwa sijui ni kiasi gani cha uamuzi huu ni mapenzi na kiasi gani ni deni la moyo. Nimepekua ndani yangu, nimekuta hatia imejaa kila mahali. Kama nitangoja itoke kwanza ndipo nisaidie, Zuweina hatakuwa na vidole.

Jumapili, 10 Novemba

Kichefuchefu cha vidonge. Nimemshikia beseni. Mvua siku nzima.

Alhamisi, 14 Novemba

Nyange na watu wake wameondoka kurudi Kiuyu. Msimu umekwisha. Aliaga kizingitini. Zuweina akatoka akamchekesha, akamwambia mwakani alete mchumaji mmoja mzuri wa sura, ukumbi umepooza. Nyange alicheka vizuri.

Alipokwisha kupotea njiani uso wa Zuweina ulishuka, akaingia ndani akalala. Zamani ningeona huzuni. Leo nimeona amemaliza kazi.

Jumapili, 17 Novemba

Aliniuliza nitaondoka lini hapa kwenda kupanda ndege. Nikamwambia tikiti nitaiacha ipite.

Alikuwa ameweka mikono kwenye maji ya moto. Hakuitoa. Alisema, "Kama umekaa kwa ajili ya mama, nenda zako. Mama kafa, kapumzika, na wala hakudai."

Nikasema sikukaa kwa ajili ya mama.

"Miye sina kicheko cha kukupa kila siku."

Nikasema sikitaki.

"Utakitaka," alisema. "Asubuhi miye si ntu mzuri. Nna maneno. Na weye unapenda watu wakupende."

Ni kweli. Niliinamisha kichwa. Akasema maji yamepoa, niongeze mengine, na nisimwage kama jana.

Jumatano, 20 Novemba

Ndege imeondoka bila mimi.

Amenigombeza tangu alfajiri. Maji moto mno. Maji baridi. Nimemfunga kanga kama gunia. Nimemchana nywele mpaka akasema natafuta nini humo kichwani. Nilipomfunga vifungo nilimbana ngozi, akanipiga kwa kiwiko, kwa nguvu, begani, na kuniambia nina mikono ya askari jela.

Nilimtazama nione kama anafanya mzaha. Hakuwa akifanya mzaha, wala hakugeuka kuona kama nimecheka. Aliinua kidevu juu ili nifunge cha mwisho, akangoja.